Wadai watano, mshahara mmoja: nianze na nani katika mpango wa marejesho?

MwalimuAlizeti ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani Singida, mama wa watoto wawili, na ninaomba msaada wa kuandaa mpango wa kulipa madeni ambao wadai wangu wanaweza kuukubali na mimi nikautekeleza bila kuuvunja mwezi wa pili. Sitafuti mbinu za kukimbia wala za kubadilisha laini ya simu. Nataka kulipa, ila kwa mpangilio.

Mshahara wangu ghafi ni shilingi 1,000,000. Baada ya makato ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya, kodi ya mapato, ada ya chama cha walimu na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, hubaki shilingi 634,500. Benki hukata 260,000 za mkopo wa mshahara kabla sijazigusa, kwa hiyo kinachoingia kwenye akaunti ni 374,500, na mkopo huo umebakiza miezi 42. Mdai wa pili ni SACCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika wa akiba na mikopo, inayonidai 1,400,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho lake ni 70,000, na nimechelewa miezi miwili. Akiba yangu humo ni 900,000.

Wa tatu na wa nne ni wakopeshaji binafsi, wale ambao mitaani tunawaita kausha damu. Mmoja ananidai 500,000 na mwenzake 300,000, wote kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kwa zaidi ya mwaka sasa ninalipa riba tu, 100,000 kwa mmoja na 60,000 kwa mwingine, na deni la msingi liko palepale. Huyo wa kwanza ndiye anayeshikilia kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri: mshahara ukiingia anatoa chake, kisha ananipigia simu nikachukue kinachobaki. Wa tano ni programu ya mikopo ya simu ambayo nilikopa 150,000, sasa inadai 230,000, na wahusika wameanza kuwatumia ndugu na walimu wenzangu ujumbe wa kunidhalilisha.

Tunaishi kwenye nyumba yetu wenyewe, hatulipi kodi ya pango. Mume wangu ni fundi ujenzi ambaye kipato chake hakitabiriki, nacho huishia kwenye ada za watoto. Nimeandika matumizi yote ya lazima ya nyumbani na nauli nikapata 220,000 kwa mwezi. Ninalima alizeti ekari mbili, lakini mavuno ni ya Mei na Juni na bei hupanda na kushuka, hivyo sithubutu kumwahidi mtu fedha hizo. Ndugu yangu ananishauri niongeze mkopo benki niwalipe wote mara moja. Je, ni ushauri mzuri? Na kama si mzuri, nianze na nani?

---

AfisaMikopo_Dodoma amejibu:

Mwalimu, umeshafanya jambo ambalo wakopaji wengi wanaofika mezani kwangu huwa hawajalifanya, nalo ni kujua namba zako. Ukitoa 220,000 kwenye 374,500 unabaki na 154,500. Hiyo ndiyo fedha pekee uliyonayo ya kugawana na wadai wanne walio nje ya makato ya mshahara, na ahadi yoyote inayozidi hapo, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu, utaivunja. Sasa hivi wakopeshaji binafsi wawili peke yao wanachukua 160,000 kwa mwezi bila deni kupungua. Hapo ndipo penye tundu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kuhusu kuongeza mkopo benki, utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Theluthi ya 1,000,000 ni 333,333, na wewe unapokea 374,500, maana yake nafasi ya kuongeza makato ni kama 41,000 tu. Maombi yakipitishwa kwenye ESS, mfumo wa kielektroniki wa kujihudumia kwa watumishi wa umma, mfumo utaangalia kiasi hicho kabla ya mtu yeyote kuangalia shida yako. Njia ambayo benki itakupa ni kuurefusha mkopo wote. Nikichukulia riba ya asilimia 16 kwa mwaka, salio lako kwa sasa ni takriban milioni 8.3, likitandazwa upya kwa miezi 60, rejesho litashuka hadi karibu 202,000, na utaona nafuu ya 58,000 kila mwezi. Lakini jumla utakayolipa itapanda kutoka milioni 10.9 hadi milioni 12.1, kabla ya ada ya mkopo na bima. Unalipa milioni 1.2 zaidi ili kutatua tatizo la wakopeshaji wawili wanaodai 800,000 kwa pamoja. Mimi ninafanya kazi ya kuuza mikopo hiyo, na bado ninakwambia uuache mkopo wa benki ulivyo. Ndio deni lako pekee linalokwenda vizuri.

Orodha ya nani alipwe kwanza usiipange kwa kuangalia nani anapiga kelele zaidi. Programu ya simu inapiga kelele kuliko wote na ndiyo inayodai kidogo kuliko wote. Ipange kwa kuangalia deni lipi linazaa haraka zaidi, na lipi likikwama litamuumiza mtu mwingine asiye wewe. Kwa kigezo cha kwanza ni wale wa asilimia 20. Kwa kigezo cha pili ni SACCOS, kwa sababu huko una wadhamini.

---

MhaziniSACCOS amejibu:

Nimekuwa mhazini wa SACCOS ya watumishi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitazungumzia upande huo tu.

Mwalimu, umechelewa miezi miwili na hujaenda ofisini; hilo ninalisoma katikati ya mistari yako. Nenda wiki hii. Kamati ya mikopo haimchukii mwanachama aliyekwama. Inamwogopa mwanachama aliyenyamaza, kwa sababu kinachofuata baada ya ukimya ni kuwaandikia wadhamini, na mdhamini akianza kukatwa kwa ajili yako huo si tena mjadala wa hesabu. Andika barua ya kuomba mkopo upangwe upya, ambatanisha hati ya mshahara ya miezi mitatu na karatasi ile ya matumizi, na utaje kiasi unachokiweza. Kwa mfano, deni lako la 1,400,000 likilipwa kwa 50,000 badala ya 70,000, litakwisha kwa takriban miezi 33 badala ya 22 na kidogo, na riba ya ziada haitazidi sana shilingi 80,000. Kwa mtu aliye katika hali yako, hiyo ni bei ndogo.

Ila kuna njia nyingine ambayo ningeijaribu kwanza. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kama masharti ya chama chenu ndivyo yalivyo, kikomo chako ni 2,700,000 na umetumia 1,400,000. Omba deni lote liandikwe upya kuwa 2,200,000, yaani deni la sasa pamoja na 800,000 za kuwamaliza wakopeshaji binafsi. Kwa riba ya asilimia 1 kwenye salio na miezi 36, rejesho ni kama 73,000. Linganisha: leo unatakiwa kutoa 160,000 za riba na 70,000 za SACCOS, jumla 230,000, ambazo huna. Kesho utatoa 73,000 na utabaki na zaidi ya 80,000 za kushughulikia programu ya simu na kuweka akiba ya dharura. Zile 800,000 zinazozaa 160,000 kwa mwezi huko mtaani zitazaa 8,000 kwetu.

Kamati ikisita kwa sababu ya miezi miwili uliyochelewa, lipa angalau mwezi mmoja kabla ya kikao, na uombe fedha ziende moja kwa moja kwa wadai badala ya kupita mikononi mwako. Wajumbe huwa wanalainika wakisikia hivyo. Wadhamini nao lazima wakubali upya kwa saini, kwa sababu deni walilolidhamini limebadilika.

---

MtumishiMwenzenu amejibu:

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naona wanapanga nyumba kuanzia kwenye paa. Rejesho la 73,000 haliwezi lote kukatwa kwenye mshahara kwa sababu ya ile nafasi ya 41,000 iliyotajwa juu. Litapitia kwenye akaunti yake kwa agizo la kudumu la benki. Na akaunti hiyo nani ana ufunguo wake? Mkopeshaji. Siku mshahara unaingia, yeye anakuwa wa kwanza kwenye mashine ya fedha, agizo la SACCOS linakuta akaunti tupu, na mwezi wa kwanza wa mpango mpya unakuwa mwezi wa tatu wa kuchelewa.

Jambo la pili ni kwamba nimeona walimu wakilipiwa deni la kausha damu na chama chao, kisha baada ya muda wakarudi kwa mkopeshaji yuleyule, sasa wakiwa na deni kubwa zaidi la SACCOS mgongoni. Mkopo wa kumaliza mkopo hufaa pale tu mlango wa zamani unapofungwa siku hiyohiyo. Kadi irudi, namba ya siri ibadilishwe, na karatasi zote alizosaini zirudishwe zikiwa na maneno kwamba deni limekwisha. Bila hayo matatu, mimi kama mjumbe wa kamati nisingeidhinisha hata shilingi.

---

MwalimuAlizeti amejibu:

Ninawashukuru sana. Hoja ya kadi imenigusa mahali penyewe. Nikienda benki kuifunga na kupewa nyingine, mkopeshaji atasema nimemtapeli; alishaniambia kwamba siku nitakapofanya hivyo atanipeleka polisi. Kuna karatasi niliyosaini kwake pia. Inasema nimekopeshwa 600,000 bila riba, nitarejesha baada ya mwezi mmoja, na nikishindwa nyumba yetu itakuwa mali yake. Kiasi nilichopokea ni 500,000. Mume wangu hakusaini na hajui kwamba nyumba imetajwa.

---

WakiliWaMkoani amejibu:

Mwalimu, nakushauri kwa jumla tu, kwa kuwa sijaiona karatasi yenyewe. Ni vema uipeleke kwa wakili au kwenye kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe kabla ya kuzungumza na mkopeshaji.

Nianze na nyumba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwenzi mmoja kuiuza, kuiweka rehani au kuihamisha kwa namna nyingine nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ikiwa hai. Karatasi ambayo mume wako hakuisaini ni dhaifu mno kama dhamana ya nyumba mnayoishi. Hilo lisikufanye uipuuze, ila likuondolee ile hofu ya usiku. Na mume wako aambiwe na wewe mapema, kwa sababu ridhaa yake iliyokosekana ndiyo kinga yenu, na mtu hawezi kuwa kinga katika jambo asilolijua.

Maandishi ya “600,000 bila riba” ni mtindo wa kawaida wa wakopeshaji wa namna hiyo: riba ya mwezi wa kwanza inajumlishwa kwenye deni ili karatasi isionyeshe riba kabisa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne, na mtu au kampuni inayokopesha bila kupokea amana huangukia daraja la pili, ambalo leseni yake hutolewa na Benki Kuu. Kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Muulize kwa adabu akuonyeshe leseni yake. Usimtishie kumshitaki, kwa sababu mtu akitishwa hujihami, na wewe unataka akae mezani. Swali lenyewe linatosha kumweleza kwamba mazungumzo yamebadilika.

Kuhusu polisi, deni la mkopo ni shauri la madai, na mahali pake ni mahakamani. Wakopeshaji hupenda kulipaka rangi ya jinai kwa kudai kwamba mkopaji alijipatia fedha kwa udanganyifu. Ndiyo maana barua yako ya kukiri deni na kupendekeza namna ya kulilipa ina thamani kubwa. Mtu aliyepanga kutapeli haandiki barua ya kulipa akabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akienda mahakamani, usikose kufika hata siku moja, kwa sababu hukumu ya upande mmoja hutolewa dhidi ya asiyefika. Ukifika, unaweza kuieleza mahakama kipato chako na kuomba ulipe kwa awamu.

Kadi ni ya benki, na masharti ya akaunti yako yanakukataza kumpa mtu mwingine namba ya siri, kwa hiyo una haki ya kuifunga. Ila ningependa barua imfikie mkopeshaji siku ileile unapoifunga, asubuhi kwa asubuhi, isiwe baada ya yeye kukuta kadi haifanyi kazi. Katika barua hiyo taja kiasi ulichopokea, taja kwamba umekuwa ukilipa, na pendekeza kiasi cha kumalizia. Usiandike popote kwamba unakubali riba ya asilimia 20. Chukua pia taarifa ya akaunti ya mwaka mzima kutoka benki. Yeye alikuwa anatoa fedha mwenyewe kwa kadi, kwa hiyo taarifa itaonyesha tarehe na kiasi lakini haitaonyesha mkono uliotoa. Bado, mfululizo wa 100,000 kila siku ya mshahara ni ushahidi unaozungumza. Kuanzia sasa malipo yote yapitie benki au simu, pasiwe na noti ya mkono kwa mkono.

---

AfisaMikopo_Dodoma amejibu:

Ninaongezea juu ya wakili. Mkopeshaji huyu ameshachukua zaidi ya 1,200,000 kwenye mkopo wa 500,000. Usiende kwake na 500,000 kamili kama ofa ya kwanza. Kamati ya SACCOS ikikupitishia, mweleze kwamba kuna fedha taslimu ya kumaliza yote siku moja, na uanzie chini ya deni la msingi. Anayekopesha mtaani anajua kwamba fedha iliyo mezani leo ni bora kuliko kesi ya miezi. Ukipunguziwa, kiasi kilichobaki kisitolewe SACCOS kabisa.

SACCOS wakikataa, mpango wa pili unawezekana bila mkopo mpya: 50,000 kwa mkopeshaji wa kwanza na 30,000 kwa wa pili kwa miezi 10, riba ikiwa imesimama, pamoja na 50,000 za SACCOS iliyopangwa upya. Jumla 130,000, unabaki na 24,500. Ni mpango mwembamba, unavunjika mtoto akiugua mara moja, ndiyo sababu ninauweka wa pili.

---

MtumishiMwenzenu amejibu:

Mbona programu ya simu imesahaulika? Mwalimu, angalia kwanza kama jina lake limo kwenye orodha ya programu 69 ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 kuwa zinakopesha bila leseni. Iwe imo au haimo, kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu yako ni kinyume cha mwongozo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa kidijitali, na pia inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hifadhi picha za ujumbe huo kutoka kwa kila aliyeupokea, uziwasilishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kisha waandikie wahusika kwamba utalipa 150,000 za msingi kwa mafungu matatu na kwamba unaomba hesabu iliyoandikwa ya zile 80,000 za ziada. Waambie pia wenzako shuleni kwa kifupi kwamba una deni na unalishughulikia. Ujumbe wa kudhalilisha hauna kazi tena pale ambapo kila mtu ameshajua.

---

MwalimuAlizeti amejibu:

Nimezungumza na mume wangu. Alikasirika kwanza, kisha akaomba aione karatasi. Mhazini wa chama chetu amesema kikao cha kamati kiko kabla ya mshahara ujao, na kwamba masharti yetu ni mara tatu ya akiba kama mlivyosema. Swali la mwisho: nilipe mwezi mmoja wa SACCOS kwa fedha gani, na niifunge kadi kabla ya kikao au baada?

---

MhaziniSACCOS amejibu:

Ifunge baada ya kikao lakini kabla ya mshahara, na barua yako kwa mkopeshaji, ile aliyoieleza wakili, ipelekwe asubuhi hiyohiyo. Ukiifunga kabla ya kikao na kamati ikaahirisha, utakuwa na mkopeshaji mlangoni huku mkononi huna cha kumpa. Ukiiacha hadi baada ya mshahara, ataondoka na 100,000 nyingine. Agizo la kudumu lijazwe ukiwa hapohapo benki unapochukua kadi mpya, liwe la siku ileile mshahara unapoingia.

Za mwezi mmoja wa SACCOS zitoke kwa mume wako, kama ana kazi mwezi huu, au kwa kuuza kitu. Usikope.

Na ile alizeti usiitaje kwenye barua yoyote. Ikivunwa Juni ikapata bei, peleka SACCOS kama malipo ya ziada kwenye deni la msingi, na uandike hivyo kwenye stakabadhi, maana isipoandikwa karani ataiingiza kama marejesho ya miezi ijayo na riba itaendelea kukokotolewa kwenye salio lilelile.